Mnyama wa Saa Kumi na Mbili Jioni

"Toa hiyo taa usoni mwa mwanangu kabla sijaikanyaga," nilisema kwa mara ya tatu, na safari hii nilikuwa nimeshavaa viatu vya kazi.

"Mama Nukta, shusha sauti. Tuko hewani," mume wangu akaninong'oneza.

"Hewani wapi? Mko juu ya zulia langu."

Ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi. Kochi lilikuwa limesukumwa ukutani, meza ndogo imepandishwa juu ya kochi miguu ikitazama dari, na katikati ya sebule imesimikwa ile taa ya duara ambayo mume wangu huitumia kwenye harusi. Yeye ni mpiga video za harusi, tena hodari. Bibi harusi mwenye chunusi akipita mkononi mwake anatoka kama yai. Mbele ya taa, kwenye kiti cha plastiki, alikaa binti yetu Nukta, miaka saba na nusu, kavalishwa gauni jeupe la binamu yake lililomfika hadi vidole vya miguu. Alikuwa anapepesa macho huku machozi yakimtiririka, wala hayakuwa ya kiroho. Taa ile inaumiza hata macho mazima, na ya Nukta si mazima.

Pembeni yake, kiganja kimoja juu ya kichwa cha mwanangu kama mtu anayechagua tikiti sokoni, alisimama Nabii Parapanda.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Watu walimpachika kwa sababu kila mahubiri yake yanaishia kwenye parapanda ya mwisho, ambayo kwa miaka sita sasa imekuwa ikilia wiki ijayo. Ana kundi lake, anawaita Mabaki, na ana kituo chake mtandaoni. Kwa Nabii hakuna jambo linalotokea kwa sababu ya kawaida. Mvua ikichelewa, kuna watu wameikunja mahali. Chanjo ni sumu, taa za barabarani ni macho, na ile mistari myeupe tunayopaka barabarani ni alama za kuwaongoza viumbe wanaotua kutoka angani. Hilo la mistari lilinigusa binafsi. Nina diploma ya ujenzi wa barabara, na kazi yangu kwenye kampuni ni kusimamia kikosi cha alama. Mistari ile naipima mimi, kwa futi na kamba. Katika miaka kumi na moja hajatua mtu, isipokuwa mlevi mmoja aliyelala kwenye rangi mbichi.

Lakini asubuhi ile sikuwa na ugomvi kuhusu mistari. Nilikuwa na fomu mkononi na saa ukutani.

Nukta ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limefunga kama dirisha la bafu, la kushoto lina ukungu. Tuligundua kwa kuchelewa, na aibu hiyo naibeba mwenyewe. Mwalimu wake ndiye aliyeniita akaniambia mtoto ananakili kwa jirani kwa sababu ubao haumfikii. Daktari wa macho alimwangalia kwa kurunzi yake, akazima, akasema bila kuzunguka: "Mama, ubongo wa mtoto unajifunza kuona akiwa mdogo. Ukishazoea kutolitumia jicho, hata nikimwekea lenzi nzuri baadaye, ubongo hautajua uifanyie nini. Umechelewa kidogo. Usichelewe zaidi." Wapasuaji wa macho ya watoto huja kwenye hospitali yetu mara moja kwa mwaka, wanakaa siku tano. Leo ilikuwa ya tano. Nukta alikuwa wa pili kwenye orodha, saa tatu na nusu, na tulitakiwa kufika saa mbili na nusu, mtoto akiwa hajala wala kunywa chochote.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na mistari miwili ya sahihi. Mmoja wangu, nilikuwa nimeshaujaza. Mwingine wa baba. Hospitali ile haimlazi mtoto kwa dawa ya usingizi bila sahihi za wazazi wote wawili wanaoishi naye. Niliuliza kwa nini, muuguzi akanionyesha dirisha lenye kioo kipya, akasema, "Kuna baba alikuja hapa hajaambiwa." Basi.

Na mume wangu, ambaye wiki tatu zilizopita alishika mkono wa Nukta pale kliniki na kuitikia kila kitu, sasa hataki kutia sahihi, kwa sababu Nabii amesema.

"Baba Nukta," nikasema, "nusu saa. Baada ya hapo tunatoka. Sahihi."

"Ngoja tumalize. Baba Nabii ana neno la mwisho."

"Ana neno la mwisho kila siku, na kesho yake anakuja na lingine."

Nabii akatabasamu kwenye simu iliyofungwa juu ya kishikio cha miguu mitatu, si kwangu. Yeye hamjibu mtu, huwajibu watazamaji. "Wapendwa," akasema kwa ile sauti yake ya kisimani, "mnasikia vita iliyomo ndani ya nyumba hii. Adui anayataka macho haya. Mtoto huyu ndiye wa kwanza kumwona Mnyama kwa macho ya nyama. Sasa wanataka kumfungua, watoe macho aliyopewa na Mungu, waweke lenzi. Na lenzi hiyo, wapendwa, ina nini?"

"Ina namba!" akajibu mama mkwe wangu kutoka mlango wa jikoni, kama mwanafunzi wa mbele.

"Ina namba. Kila lenzi ina namba. Ukiivaa, kila unachokiona kinakwenda makao makuu."

"Makao makuu ya nini?" nikauliza. "Wakachungulie sufuria zangu?"

"Cheka, dada. Walicheka na siku za Nuhu."

"Hiyo simu inayokurusha ina namba. Shati lako lina namba, naiona hapo shingoni, umevaa kubwa mno. Godoro unalolalia lina namba. Mbona makao makuu hayajachoka kukutazama ukikoroma?"

Mume wangu akafumba macho. Aliogopa watazamaji wangesikia. Walisikia, bila shaka. Nilisogea karibu na simu makusudi.

Lazima niseme lilivyoanza. Miezi miwili iliyopita Nukta alimwambia bibi yake kwamba ameona mnyama getini. Mama mkwe wangu ni mwanamke mwema aliyebaki na nafasi kubwa moyoni tangu mumewe afariki, na Nabii aliikuta nafasi hiyo haina mpangaji. Akamwambia Nabii. Nabii akaja na kamera, yaani na mume wangu, maana mume wangu ndiye humrekodia kila Jumapili kwa kujitolea. Video ikaitwa "Msichana Anayemwona Mnyama." Ndani ya wiki moja mji mzima ulikuwa na wanyama. Muuza mikate alimwona juu ya paa. Mlinzi wa benki alimwona chooni. Fundi cherehani mmoja alimwona mwenye kwato, mwenzake akamwona mwenye mabawa, na baada ya Nabii kusema kwato na mabawa vinakwenda pamoja, wote wawili wakakumbuka vyote viwili. Kila aliyekosa usingizi alimwona, na hakuna hata mmoja aliyemwona akiwa na kazi ya kufanya.

Mimi sikuwahi kuitazama video ile hadi mwisho. Nilishindwa na muziki wake. Nilichukulia ni mambo ya mtoto, ndoto, kivuli cha nguo kwenye kamba. Nalo hilo ni kosa langu.

Mama mkwe akatoka jikoni na kikombe cha chai ya maziwa, moshi ukifuka, akakipeleka moja kwa moja mdomoni mwa Nukta. "Kunywa, mjukuu wangu. Mtoto wa watu hawezi kutabiri na njaa."

Nilikidaka kikombe njiani. Chai ikanimwagikia kwenye kifundo cha mkono.

"Mama, nilikuambia jana mara mbili. Akinywa hata funda moja, hawampasui."

"Sikukumbuka, mwanangu."

"Ulikumbuka sukari."

Nikakinywa chote pale pale, nimesimama, ulimi ukiungua, nikamrudishia kikombe. Hakuna aliyecheka ila Nukta.

"Mama, ilikuwa na sukari nyingi?"

"Nyingi sana. Utapewa nyingine jioni."

Nabii hakutaka hewa ipite hivi hivi. Akainama, akamshika Nukta kidevu akamgeuzia kwenye taa. "Binti, kabla hawajayachukua macho yako, uambie ulimwengu kwa mara ya mwisho. Ulimwona nani?"

Nukta alikuwa ameshazoea. Alikaa wima, akaweka mikono mapajani, akasema kama anayesoma shairi la shule: "Nilimwona Mnyama. Ana vichwa viwili na mwili mmoja. Ana jicho moja kubwa linawaka, lina duara la moto. Kifuani ana mistari inayong'aa. Ananguruma. Anakuja saa kumi na mbili jioni."

"Saa ya giza kuingia!" akasema Nabii. "Endelea."

"Anasimama getini. Halafu anapasuka katikati. Kichwa kimoja kinabaki kinanguruma, kingine kinaingia ndani."

"Kinaingia ndani ya nyumba hii! Wapendwa!"

Nilikuwa nimeanza kufunga kamba ya kiatu. Nikaacha.

"Nukta," nikasema, "kikishaingia ndani, kinafanya nini?"

"Sijui. Nakimbia chini ya kitanda cha Bibi."

"Halafu?"

"Halafu wewe unarudi kazini, unaniita, natoka."

Nabii alidhani utukufu umeshuka, akainua mkono. Mimi nilipiga magoti mbele ya kiti cha mwanangu.

"Anakuja kila siku?"

"Hapana. Siku za kazi tu."

"Na Jumapili?"

"Jumapili hawezi."

"Jumapili ni siku ya Bwana!" Nabii akapaza sauti. "Hathubutu!"

"Na ile wiki niliyolala na homa? Alikuja?"

Nukta akafikiri. Ni mtoto mkweli. Ndiyo maana walimpenda. "Ile wiki hakuja hata siku moja."

"Maombi ya Mabaki yalimzuia!"

"Nyamaza kidogo, Nabii, nazungumza na mwanangu." Nikainuka, nikaenda nyuma ya mlango ambapo nguo zangu za kazi hutundikwa. Nikachukua kizibao changu cha njano, kile chenye mistari inayoakisi mwanga, nikakivaa. Nikavaa kofia ngumu. Nikarudi katikati ya sebule, nikasimama mbele ya ile taa ya duara, na mistari ikawaka kama imechomwa.

Nukta akapiga kelele akaruka na kiti chake.

"Ni mimi," nikasema haraka. "Nukta, ni Mama. Sikiliza sauti. Ni Mama."

Akatulia. Akanyoosha mkono, akagusa mstari wa kifuani, akaupapasa kuufuata hadi begani. "Ni nguo?" akauliza.

"Ni nguo. Na jicho kubwa ni taa ya pikipiki. Na kichwa cha pili ni cha dereva anayenileta. Tunakuja tumebanana, mimi nimeshika begi, ndiyo maana unaona mwili mmoja. Nikishuka, tunapasuka."

Huyo ndiye Mnyama aliyehubiriwa Jumapili nane mfululizo. Mimi, nikitoka kazini, nimechoka, nina rangi kwenye kucha, nimepitia mboga.

Ningecheka, na baadaye nilicheka sana, nikamsimulia dereva wa pikipiki akaegesha pembeni kwanza ili asitupindue. Lakini pale nilipokuwa nimesimama na kofia kichwani, nilichokiwaza kilikuwa kingine. Hatua ishirini kutoka dirishani hadi getini, na mwanangu hajawahi kunitambua. Anajua ni mimi ninapoita. Miaka saba na nusu nimekuwa sauti.

"Umesikia?" nikamgeukia mume wangu.

Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa umepauka na alikuwa anatazama kizibao kana kwamba hajawahi kukipisha kila siku anapofungua mlango. Lakini Nabii hakuwa mtu wa kukwama. Watu wa aina yake wana mlango wa nyuma katika kila chumba.

"Wapendwa," akasema taratibu, na akarudi hatua moja kutoka nilipo, "mmeona wenyewe. Mnyama anaweza kuazima umbo. Anaweza kuvaa hata mwili wa mama wa mtoto. Kwa nini mwanamke huyu ana haraka ya kuyafunga macho yaliyomfichua? Jiulizeni."

"Ee Yesu," akasema mama mkwe, akashika fremu ya mlango.

Mume wangu akasema, "Baba Nabii, hapana, hapo..."

"Mtumishi, usinikatize nikiwa ndani ya Roho. Usitie sahihi leo. Lete mtoto Jumapili, tumwombee mbele ya kanisa, tutajua macho haya ni ya nani. Jumapili tu. Siku mbili."

"Wapasuaji wanaondoka jioni," nikasema.

"Mungu haondoki."

Mume wangu alikuwa na kalamu mfukoni mwa shati. Niliiona. Alinitazama, akamtazama Nabii, akaitazama simu, ambayo kioo chake kilikuwa kimegeuziwa kwake na maoni ya watazamaji yakipanda kama sisimizi. Watu elfu mbili na mia nne asubuhi asubuhi. Hata sijui wanaajiriwa wapi.

"Labda siku mbili..." akasema. "Hospitali haiwezi kutupangia..."

Hapo hasira yangu ilipoa, na mimi nikipoa ndipo nafanya kazi. Matusi yalikuwa hayamfikii. Sayansi ya daktari aliisikia, akaitikia, akaisahau. Nikajiuliza mtu huyu anaelewa nini vizuri kuliko watu wote walio humu ndani. Jibu lilikuwa limesimama kwenye miguu mitatu.

"Baba Nukta, ukitaka bibi harusi aonekane kama malaika, unafanya nini?"

"Nini?"

"Jibu. Wewe ndiye fundi."

"Nampaka kioo," akasema bila kufikiri. "Kile kioo cha mbele ya kamera. Napaka mafuta ya mgando kidogo, taa naweka nyuma yake. Anatoka na... anatoka na ule mwanga wa..." Akaitazama kamera yake.

"Kidogo. Na ukipaka mengi?"

Kopo la mafuta ya mgando lilikuwa juu ya friji, tunampaka Nukta magotini. Nikachota kwa kidole kimoja. Kabla Nabii hajaelewa ninachofanya, nikaishika ile taa ya duara, nikaiburuta na waya wake hadi nyuma ya mgongo wake, nikaigeuza itazame simu. Halafu nikapaka mafuta kwenye jicho la kamera, safu nzito, nikazungusha kidole mara moja.

"Haya, Nabii," nikasema. "Hubiri."

"Unaharibu kifaa cha Bwana!"

"Ni cha mume wangu. Hubiri."

Mume wangu alikuwa ameganda mbele ya kioo cha simu. Nikaenda nikasimama begani kwake kutazama. Nabii Parapanda hakuwepo tena. Pale alipokuwa palikuwa na kitu kirefu, cheusi katikati, kisicho na uso, kimezungukwa na duara la moto lililotapakaa hadi pembe za picha. Alipoinua mkono, ule mkono ukawa miwili. Alipofungua mdomo, hakikuonekana kitu isipokuwa mwanga ukitetemeka.

Maoni yakaanza kumiminika, na mume wangu, kwa mazoea ya kazi, akaanza kuyasoma kwa sauti.

"'Jamani mnaona nilichoona.' 'Mnyama ameingia ndani ya nyumba.' 'Yuko nyuma ya Nabii.' 'Hapana, yuko ndani ya Nabii.' 'Naona vichwa viwili.' 'Mimi naona saba.' 'Kwato hizo hapo chini.' 'Nabii ndiye Mnyama, nilijua tangu mwaka jana.'"

"Wanasema nini?" Nabii akauliza kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyepitwa na basi. "Nani kasema hivyo? Mfungie huyo. Mfungieni!"

"Ni wengi, Baba Nabii."

"Wapendwa, ni mimi! Ni mtumishi wenu! Haya ni mafuta tu, amepaka mafuta kwenye kioo, huyu mwanamke!"

"Rudia hapo," nikasema. "Polepole. Kioo kimefanywaje?"

Akafunga mdomo. Ndiyo mara pekee nilimwona akiufunga kabla ya saa ya sadaka.

Mama mkwe wangu alikuwa amesogea kimyakimya, amesimama kwenye vidole kuchungulia juu ya bega la mwanawe. Alimtazama yule asiye na uso kwenye simu, akamtazama Nabii aliyekuwa anatokwa jasho mbele ya taa, shati likiwa limemganda. Akarudia mara mbili. Kisha akaenda akavuta waya wa taa kutoka ukutani, akasema, "Inamuumiza mtoto," kana kwamba ndiyo kwanza ameiona.

Mume wangu hakuondoa macho kwenye simu. Taa ilipozimika, picha ilibaki sebule yetu ya kijivu, watu kama magunia, dirisha kama doa la maziwa. Katikati kulikuwa na doa jeupe dogo, gauni la Nukta.

"Hivi ndivyo anavyotuona?" akaniuliza.

"Hivi. Daktari alikuambia ni kama kioo chenye mafuta, ulikuwa umekaa pale pale kwenye kiti."

"Siku zote?"

"Siku zote. Mimi, wewe, ubao. Jicho la kulia ni baya kuliko hapo. Na tukikosa leo, mwakani wakija watamwekea lenzi na bado ataona hivyo hivyo, kwa sababu ubongo utakuwa umeshakata tamaa."

Akapitisha kidole gumba kwenye kamera, akakifuta kwenye suruali, akapitisha tena. Akasema kwa sauti ndogo sana, ambayo Nabii hakupaswa kuisikia, "Nikitia sahihi, na asiamke kwenye ile dawa?"

Kumbe. Ilikuwa hiyo. Wiki mbili za namba, viumbe, makao makuu na parapanda, na chini yake baba mmoja anaogopa sindano ya usingizi na hajui pa kusemea. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumshika mkono; sikuwa na muda wa yote mawili, nikamshika mkono.

"Mimi pia naogopa hiyo," nikasema. "Jana nimemuuliza yule wa dawa ya usingizi maswali kumi na manne, nimeyaandika. Utamuuliza mengine wewe mwenyewe, uso kwa uso, kabla hawajamwingiza. Ndiyo maana sikuighushi sahihi yako, na ningeweza, ni mstari wenye mkia tu. Sitaki kusimama mlangoni pale peke yangu."

"Mtumishi!" Nabii akaita. "Ukitia sahihi hiyo, umejifuta kwenye Mabaki. Nitalitamka jina lako madhabahuni. Nitawaambia..."

"Baba Nabii," mume wangu akasema, bila kugeuka, "naomba usimame kando kidogo, umekanyaga begi la mtoto."

Akaing'oa simu kwenye miguu mitatu. Nabii akaitupia mikono kama mtu anayedaka sahani, lakini ilikuwa imeshazimwa. Mume wangu akatafuta pa kuandikia. Meza ilikuwa juu ya kochi, imepinduka, kwa hiyo akaiweka fomu ukutani, karibu na swichi, akatia sahihi amesimama. Kalamu ikagoma kwa kuwa imeinamishwa vibaya, akaitikisa, akarudia. Mstari na mkia.

"Na hapa wanataka namba ya kitambulisho," akasema.

"Jaza."

Akaijaza yote, tarakimu kwa tarakimu, Nabii akiwa amesimama nyuma yake anazisoma midomo ikicheza, nadhani alikuwa anazijumlisha.

Mama mkwe alikuwa ameshamvua Nukta lile gauni na kumvalisha sweta na suruali, kageuza sweta nyuma mbele. Hakuna aliyelirekebisha. Mume wangu alimbeba Nukta begani, nikabeba begi na fomu, na tulikuwa nje ya geti saa mbili kasoro dakika ishirini, baba anamuuliza mtoto kama ana njaa, na mtoto anamjibu kwamba ana njaa sana na kwamba wamekaa wanaongea tu tangu asubuhi.